Visima vya Mwabungo: tusiendelee kubahatisha

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili ikiwa imepita kwa dakika chache, ardhi ilitikisika. Kitovu cha mtetemeko huo, ambao wataalamu waliukadiria kuwa na ukubwa wa 6, kilikuwa chini ya Bahari Hindi, upande wa kusini-mashariki wa Dar es Salaam. Wakazi wa majumba ya ghorofa ya jiji hilo walitoka mbio hadi barabarani, na katika pwani ya Kenya pia watu walihisi viti na vitanda vikiwatikisa. Kwa siku mbili tatu mazungumzo yakawa ni hayo hayo, kisha tukasahau. Lakini mawimbi yale hayakupita bure. Kabla ya kufika kwenye miguu ya kitanda cha mtu, yalikuwa yamepenya kila mwamba ulio njiani, yakaharakishwa na jiwe gumu, yakacheleweshwa na mchanga, yakatawanywa na mapango na nyufa. Yalikuja yamebeba habari za ardhi tunayoikalia.

Habari hizo ndizo ninazotaka tuzizungumze leo, na nina Mwabungo akilini. Kijiji hiki kilicho kusini mwa Diani, kwa anayeelekea Msambweni, jirani na msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Anayechimba msingi wa nyumba huko anaujua ugumu wake, na anayechimba kisima anaujua zaidi. Mwamba huo ulijengwa na viumbe vya baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Baadaye bahari ilirudi nyuma, hata ikashuka zaidi ya mita 100 chini ya kiwango cha leo katika kilele cha enzi ya barafu, miaka kama 20,000 iliyopita. Matumbawe yakabaki juani na mvuani. Maji ya mvua, ambayo huwa na ukali kidogo wa tindikali kwa sababu ya hewa yanayoichukua angani na udongoni, yakaanza kuula mwamba polepole, yakapanua kila ufa, yakachonga vijia na mapango. Mapango ya Shimoni na ya Fikirini, ambayo walimu huwapeleka wanafunzi wakayaone, ni kazi ya maji hayo hayo.

Kwa hiyo chini ya Mwabungo hakuna ziwa wala mto, ingawa wengi husema hivyo kwa lugha ya mkato. Kuna mwamba uliojaa matundu. Mvua inayonyesha juu ya mchanga ulio magharibi ya ukanda wa matumbawe huzama, hutambaa chini kwa chini kuelekea baharini, na ikifika kwenye matumbawe hufuata nyufa. Jirani mmoja akichimba akaukuta ufa mpana, hupata maji mengi. Mwenzake, hatua hamsini kando, hutoboa jiwe kavu au hupata maji ya chumvi. Tumezoea kusema kwamba wa kwanza ana bahati.

Bahati hiyo ina gharama. Maji matamu ya pwani huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Zaidi ya karne moja iliyopita Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walionyesha kwamba kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Mwanafunzi wa hesabu na aigeuze kanuni hiyo aone inavyotisha: ukivuta maji kwa pampu hata kiwango kikashuka mita moja, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40. Na hiyo ni kwa ardhi ya mchanga iliyo sawa. Katika mwamba wenye nyufa chumvi haipandi kwa nidhamu ya kanuni. Hupata ufa mmoja ulio wazi ikaingia moja kwa moja hadi kisimani, huku kisima cha jirani kikibaki kitamu kwa muda.

Tena si chumvi peke yake. Ukanda wa Diani, Galu na Mwabungo umejengwa mno katika miaka ya karibuni: hoteli, nyumba za kupangisha wageni, majumba ya kifahari yenye mabwawa ya kuogelea. Kila ua una kisima chake cha mashine, na kila ua una shimo lake la maji taka. Katika mchanga, uchafu ukizama huchujwa njiani, punje kwa punje, na vijidudu vingi hufa kabla ya kufika mbali. Katika ufa wa matumbawe hakuna chujio. Maji yanayotoka kwenye shimo la choo hupita kama yanayopita kwenye bomba. Ile desturi ya kupima kwa hatua umbali kati ya choo na kisima, ambayo afisa wa afya huisisitiza, ni nzuri, lakini inachukulia kwamba uchafu husambaa sawasawa kila upande. Ufa haujui desturi hiyo. Kisima kilicho mita 100 kutoka chooni, ikiwa ufa unaviunganisha, kiko hatarini kuliko kilicho mita 30 upande ambao hauna ufa.

Basi anayetaka kuwalinda wanywaji wa maji ya Mwabungo analazimika kujua nyufa ziko wapi na zinaelekea wapi. Hapo ndipo mawimbi ya mtetemo yanapoingia.

Mwalimu wa fizikia anaweza kulionyesha jambo hili uwanjani bila chombo chochote. Asimamishe wanafunzi kumi mstarini, kila mmoja akiwa ameweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake, kisha amsukume kidogo wa mwisho. Msukumo utasafiri hadi wa kwanza. Hilo ni wimbi la msukumo, ambalo hupita katika jiwe, katika maji na hata katika hewa. Kisha afunge kamba kwenye mwembe na kuitikisa juu na chini. Hilo ni wimbi la mtikiso, ambalo huchezesha kitu upande huku likisonga mbele. Wimbi la mtikiso haliwezi kupita ndani ya maji, kwa sababu maji hayana ugumu wa kujirudisha yanaposukumwa upande. Tofauti hiyo ndogo ndiyo msingi wa elimu yote inayofuata.

Sasa kamba ile ipitishwe katikati ya fito za uzio zilizosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, sambamba na fito, hupita bila taabu. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito huizuia. Mwamba wenye nyufa zilizopangika upande mmoja hufanya kitu cha namna hiyo, ijapokuwa hauzuii kabisa. Wimbi la mtikiso likiingia humo hupasuka likawa mawili: moja linalotikisika sambamba na nyufa, ambalo husafiri kwa kasi zaidi, na jingine linalotikisika kukingamana nazo, ambalo huchelewa. Anayepokea mawimbi hayo kwa vyombo viwekwavyo ardhini hupata mambo mawili kwa pamoja. Mwelekeo wa lile la haraka humwambia nyufa zimeelekea wapi, na muda wa kuchelewa kwa lile la pili humwambia ni nyingi kiasi gani. Stuart Crampin, mtaalamu wa Edinburgh huko Uskochi, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuufafanua mpasuko huo wa mawimbi, na tangu miaka ya 1980 wachimbaji wa mafuta na wa mvuke wa ardhini wameutumia kutafuta mahali pa kutoboa.

Hata wimbi la msukumo linaweza kutoa ushahidi, mradi lipigwe kutoka pande zote. Katika mwamba mzima kasi huwa moja, ulipige kutoka kaskazini au kutoka mashariki. Katika mwamba wenye nyufa kasi hupungua unapozikata na hupanda unapozifuata. Kwa hiyo kipimo cha mstari mmoja tu, hata kikiwa kirefu namna gani, hakitoshi. Lazima mpimaji azunguke.

Nimesema haya kwa kirefu kwa kuwa upimaji wa maji unaofanywa mara nyingi katika viwanja vyetu hauzunguki. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inamtaka mwenye kuchimba kisima cha mashine apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kabla ya kibali sharti mtaalamu aikague ardhi na kuandika ripoti. Utaratibu ni mzuri. Lakini aghalabu ukaguzi wenyewe huwa ni kupitisha umeme ardhini mahali pamoja, kusoma ukinzani wake kwa kina mbalimbali, na kuufasiri kana kwamba ardhi imepangwa tabaka juu ya tabaka kama chapati. Katika mchanga wa Tiwi fasiri hiyo inaweza kukubalika. Katika matumbawe ya Mwabungo, ambako hakuna chapati ila sifongo, ripoti hiyo haiachani sana na ramli, hata ikipigwa mhuri.

Nisije nikaeleweka vibaya nikadhaniwa nauza dawa ya maradhi yote. Mawimbi yana mipaka yake, na mwanafunzi anaweza kuikokotoa. Kasi ya wimbi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ikizidishwa kwa urefu wa wimbi. Ukipiga ardhi kwa nyundo kubwa ukapata mitetemo 100 kwa sekunde, na mwamba ukiwa na kasi ya mita 3,000 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni mita 30. Wimbi la urefu huo haliwezi kuuona ufa mmoja wenye upana wa kidole. Huona kundi la nyufa, huona pango kubwa, huona mahali ambapo mwamba umedhoofika, lakini haliwezi kukuonyesha kidoleni mahali pa kuweka ncha ya mtambo. Anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Pia wimbi halionji. Kasi ya sauti katika maji matamu na katika maji ya bahari hukaribiana sana, mita 1,500 hivi kwa sekunde, kiasi kwamba mtetemo peke yake hauwezi kukwambia umekuta nini. Tulijifunza uchungu wa jambo la namna hii huko Turkana. Mwezi Septemba 2013 serikali pamoja na UNESCO zilitangaza kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi kame ya Lotikipi na Lodwar, kwa msaada wa picha za setilaiti. Magazeti ya dunia nzima yaliandika kwamba kiu ya Kenya imekwisha. Baadaye majaribio yalionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunyweka. Chombo cha kutazama kutoka mbali kilikuwa kimetimiza kazi yake ya kuonyesha kwamba kuna maji, na sisi tukaongeza maneno ambayo chombo hakikuyasema.

Umeme, kwa upande wake, huonja, kwani maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi. Kwa hiyo njia hizi mbili ni mke na mume: mtetemo uonyeshe nyufa, umeme uonyeshe chumvi. Watafiti wa mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, wakishirikiana na vyuo vya Kenya na wengineo, walipima ukinzani wa umeme katika eneo la Msambweni, wakafuatilia kiwango cha maji visimani, na wakabahatika, ikiwa neno hilo linafaa, kuwa kazini wakati mvua zilipokosekana mwaka 2016. Walitaka kujua wakulima wa miwa, wachimbaji wa madini ya titani na wanakijiji wenye pampu za mkono wanagawana vipi maji ya chini. Uchimbaji huo wa titani ulikoma mwishoni mwa 2024, lakini swali la mgawanyo wa maji bado lipo.

Kuna jambo moja katika utafiti wa Kwale ambalo nalipenda kuliko yote, na nashangaa halisimuliwi madarasani. Pampu ya mkono iitwayo Afridev, iliyoenea leo barani Afrika, ilifanyiwa majaribio hapa Kwale katika miaka ya 1980. Miongo mitatu baadaye watafiti wa Oxford waliweka vifaa vidogo kwenye mikono ya pampu za namna hiyo, ili kujua kwa mbali ni ipi inafanya kazi na ipi imeharibika. Walipoyachunguza maandishi ya vifaa hivyo waligundua kwamba mtikisiko mdogo mdogo wa mkono wa pampu, ule ambao mama anayepampu hata hausikii, hubadilika kulingana na kina cha maji. Mwaka 2017 walichapisha hoja kwamba pampu zenyewe zinaweza kutumika kupima kiwango cha maji ya ardhini. Yaani mtetemo wa kisima cha kijijini ulisomwa kama barua. Aliyedhani kwamba elimu ya mitetemo ni ya makampuni ya mafuta peke yao na ahesabu upya.

Wala Kenya si mgeni katika elimu hii. Umeme wa mvuke wa Olkaria, ulioanza kuzalishwa mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, hutegemea nyufa. Kisima cha Olkaria kilichotobolewa katika mwamba wenye joto kali lakini usio na nyufa hakitoi mvuke wa maana, na fedha zilizotumika ni mamilioni ya dola. Katika miaka ya 1990 Silas Simiyu, ambaye baadaye alikuja kuongoza kampuni ya serikali ya kuendeleza mvuke wa ardhini, alisikiliza mitetemeko midogo midogo ya Olkaria, ile isiyohisiwa na binadamu, akaitumia kueleza ni wapi nyufa zinakutana na ni wapi joto limekaribia. Leo mvuke huo hutupatia karibu nusu ya umeme wa nchi. Hapa Kwale kwenyewe kuna chemchemi ya maji moto ya Mwananyamala, karibu na kilima cha Jombo. Maji hayo moto hupanda kwa njia ya nyufa.

Tena bahari iliyo mbele ya Mwabungo imekwisha kupigwa mitetemo. Makampuni ya kutafuta mafuta yalipitisha meli zao katika bahari ya kusini mwa Kenya, zikapiga mawimbi kuelekea chini na kupokea mwangwi wake kwa nyaya ndefu zilizoburutwa nyuma. Kutokana na picha hizo walioneshwa mwamba wa matumbawe wa kale uliozikwa chini ya sakafu ya bahari, na mwaka 2014 kampuni ya BG Group na washirika wake wakautoboa kwa kisima walichokiita Sunbird. Walikuta mafuta na gesi, ila si kwa kiasi cha kibiashara, na wakaondoka. Tazama basi kinaya hiki: matumbawe yaliyozikwa chini ya bahari, yenye umri wa mamilioni ya miaka, yalipigwa picha kwa ustadi mkubwa kuliko matumbawe ambayo watoto wa Mwabungo wanayakanyaga kwenda shule. Sababu ni moja tu. Kule kulitarajiwa mafuta, na huku kuna maji.

Kwa mujibu wa mikataba ya utafutaji mafuta, rekodi hizo ni mali ya serikali ya Kenya hata kama zilikusanywa kwa fedha za kigeni. Makampuni yameondoka, rekodi zimebaki Nairobi. Mwanafunzi wa jiolojia katika chuo cha Mombasa au Kilifi angejifunza mengi kwa wiki moja na rekodi halisi za bahari yake kuliko kwa muhula mzima wa michoro ya vitabu iliyochorwa Texas. Mtafiti wa maji angeweza kuzitumia kujua miamba ya pwani inavyoendelea chini ya bahari, na hivyo kujua maji matamu yanatokea wapi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sioni kwa nini mwangwi wa miamba usihesabiwe kuwa habari.

Najua jibu litakalotolewa: hakuna fedha. Kwa mitetemo ya baharini ni kweli, hatuna meli. Lakini kwa kina ambacho Mwabungo inakihitaji, yaani makumi ya mita, kinachotakiwa ni nyundo kubwa, bamba la chuma, vipokezi ishirini na vinne vya kuchomeka ardhini, kebo, na kisanduku cha kurekodi. Vyote huingia nyuma ya gari dogo la mizigo na bado nafasi ikabaki ya wanafunzi wawili. Idara ya maji ya kaunti ikinunua seti moja pamoja na ile ya kupima umeme, na ikamwajiri mtaalamu mmoja wa kuifasiri, gharama hiyo haitafika ile ambayo wenye majumba ya Galu wametupa katika visima vya chumvi, ukizijumlisha. Wenye majumba hao wenyewe waombwe kuchangia. Atakayekataa na aulizwe maji ya bwawa lake yanatoka katika ufa gani, na unaelekea kwa nani.

Kuna hatua nyingine isiyogharimu kitu. Kila kisima kilichochimbwa kwa kibali kina ripoti: kina chake, aina ya miamba iliyotobolewa, mahali maji yalipoingia, kiasi cha chumvi. Ripoti hizo zimelala katika majalada, kila moja peke yake. Zikitolewa na kupangwa juu ya ramani moja, hata kwa penseli na karatasi ya grafu, visima vilivyofuata ufa mmoja vitaanza kujipanga mstarini. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kidato cha tatu wakisimamiwa na mwalimu wao wa jiografia. Ila shule ikiandika barua kuomba ripoti hizo leo, itaelekezwa ofisi hii na ile, na kuambiwa kwamba ni siri ya mwenye kiwanja. Maji si ya mwenye kiwanja; Katiba imesema hivyo. Ripoti inayoyaeleza maji ya watu wote imekuwaje siri ya mtu mmoja? Mkurugenzi wa maji wa Kwale analo jibu, na wakazi wa Mwabungo wanalingoja.